Ushuru wa pesa zisizoshikika

MSOMAJI mpenzi, hebu nijibu swali hili kabla hatujafika mbali. Mtu akifanya kazi mwezi wa Januari, akalipwa kitu ambacho siku hiyo kina thamani ya Sh80,000, naye akakiweka hadi Aprili, akakiuza na kupata Sh65,000 pekee, je, mapato yake ni kiasi gani? Ukisema Sh80,000, binti yangu atakununia. Ukisema Sh65,000, mimi sitalala. Swali hili lilitukalisha mezani kuanzia baada ya kanisa hadi saa nne usiku, Jumapili ya Juni 29, 2025, siku moja kabla ya makataa ya kujaza fomu za ushuru.

Lakini nimeanzia katikati. Nirudi nyuma kidogo.

Mimi ni karani wa hesabu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitunza vitabu vya duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi katika barabara ya River Road, Nairobi. Hapa mtaani kwetu Umoja nilijulikana kama "Baba Ushuru", maana kila Juni majirani walikuwa wakinijia na karatasi zao niwajazie, na nilikuwa nikiwajazia bila malipo ila kikombe cha chai. Walimu, askari jela, muuguzi wa pale juu, wote wamepitia meza yangu. Nilikuwa nikiwakaripia wanaoficha mapato ya nyumba zao za kukodisha. Nilijiona mtu safi.

Duka lile lilifungwa mwaka wa 2022. Binti yangu, kifungua mimba, alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na wadogo zake wawili walikuwa shule ya upili. Nilihangaika huku na kule nikipata vibarua vya hapa na pale. Kuna siku karo ilihitajika na sikuwa na hata nauli ya kwenda kuomba. Hapo ndipo binti huyo aliponiambia, kwa sauti ya chini kama anayeungama, "Baba, usijali. Nina kazi ya mtandaoni."

Kazi yenyewe ilikuwa kusikiliza sauti zilizorekodiwa, mikutano na mahojiano ya Wazungu asiowajua, na kuziandika neno kwa neno. Alikuwa akiifanya usiku, vipokea sauti masikioni, mtandao ukiwa wa bei nafuu. Malipo hayakuja kwa benki. Yalikuja kwa sarafu ya kidijitali iitwayo USDT, ambayo thamani yake imefungamanishwa na dola ya Marekani, kwa hivyo haipandi na kushuka ovyo kama Bitcoin. Ikishaingia katika pochi yake ya simu, alikuwa akiiuza kwa mtu mwingine kupitia jukwaa fulani la ng'ambo, na mnunuzi akimtumia shilingi kwa M-Pesa. Dakika kumi hivi, na pesa ziko mkononi.

Nami nilikula pesa hizo, msomaji, nisikufiche. Unga, kodi ya nyumba, karo ya wadogo zake na yake mwenyewe. Sikuuliza zaidi. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya vijana.

Juni mwaka wa 2025, akiwa amemaliza chuo, akapata barua ya kazi. Kazi ya kweli, yenye mshahara na bima. Miongoni mwa stakabadhi alizotakiwa kuwasilisha ni cheti kutoka kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) kinachothibitisha kwamba hadaiwi. "Hilo ni jambo dogo," nikamwambia kwa majivuno. "Kwani fomu zako umekuwa ukijaza?" Akajibu kwamba amejaza kila mwaka bila kukosa. Nikafungua tovuti ya iTax nione. Mwaka wa 2022, sufuri. Mwaka wa 2023, sufuri. Binti wa Baba Ushuru alikuwa ameieleza serikali mara mbili kwamba hakuwa na mapato yoyote, ilhali chakula tulichokuwa tukila kilikuwa kimenunuliwa na mapato hayo hayo.

"Kila mtu darasani hujaza sufuri, Baba," alisema. "Na isitoshe, hizi si pesa. Benki Kuu yenyewe ilisema si pesa."

Hapo alinipata kidogo. Ni kweli kwamba Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya ilitoa tangazo la kuwaonya wananchi kuhusu Bitcoin na sarafu za aina hiyo, ikisema si pesa halali nchini na kwamba atakayepata hasara asitazamie kulindwa. Wengi walielewa tangazo hilo jinsi walivyotaka kulielewa: kama si pesa, basi hakuna ushuru. Lakini hesabu za ushuru hazikwendi hivyo. Fundi akijenga ukuta na kulipwa kwa mbuzi, mbuzi huyo ni mapato, japo hakuna benki itakayempokea. Mbuzi ana bei. USDT nayo ina bei.

Kuhesabu mbuzi ni rahisi lakini. Babu yangu alikuwa akisimulia jinsi wakoloni walivyotoza kodi ya nyumba wakihesabu vibanda, na jinsi watu walivyojibana wengi katika kibanda kimoja ili vihesabike vichache. Mtoza kodi alikuwa akitoza anachokiona. Nyumba haiwezi kutiwa mfukoni. Hizi sarafu za leo haziko ndani ya nyumba, haziko benki, haziko hata nchini. Ziko katika daftari kubwa lililosambaa katika kompyuta za dunia nzima, na mwenye ufunguo ni kijana aliyelala kitanda cha juu katika bweni. Kila muamala umeandikwa humo na yeyote anaweza kuusoma, ila jina la mtu halimo. Mtoza ushuru anaona mbuzi wakihama boma hadi boma, lakini hamwoni mchungaji.

Serikali ilijaribu kumpata mchungaji mwaka wa 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilileta ushuru mpya wa mali za kidijitali, asilimia 3, kuanzia Septemba 1, 2023. Asilimia 3 inasikika kama kitu kidogo. Ila ilikuwa ikitozwa thamani yote ya sarafu inayouzwa au kubadilishwa, si faida. Nikupe mfano. Mchuuzi wa sarafu ananunua kwa Sh20,000 na kuuza kwa Sh20,300. Faida yake ni Sh300. Asilimia 3 ya Sh20,300 ni Sh609. Amefanya kazi, ameuza, na bado anatakiwa kuongeza Sh309 kutoka mfukoni. Aliyeuza kwa hasara naye alikuwa akingojwa na asilimia 3 ile ile. Mwambie mama wa Gikomba anayeuza mitumba kwamba atalipishwa hivyo kila anapotoa shati, uone kama hatafunga kibanda.

Na ni nani alitakiwa kukata ushuru huo? Sheria ilisema ni mwenye jukwaa au mtu anayewezesha sarafu kubadilishwa, naye aupeleke KRA ndani ya siku tano za kazi. Vyema. Lakini jukwaa alilotumia binti yangu liko ng'ambo, halina hata kiti hapa Nairobi, na tulipopekua muamala mmoja mmoja hatukuona mahali lilipokata hata senti.

Mwezi mmoja tu kabla ya ushuru huo kuanza, utakumbuka, vijana walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC wapigwe picha za mboni za macho na kampuni ya Worldcoin, ili wapewe sarafu zilizokadiriwa kufikia Sh7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo mapema Agosti. Jirani yangu mmoja alikwenda, akauza sarafu zake siku hiyo hiyo na kununua gesi. Nilipomuuliza majuzi kama aliwahi kuzitaja popote katika fomu zake, alicheka hadi akashika ukuta.

Basi nikachukua daftari la kurasa 96, nikachora mistari, tukaanza. Nilidhani ni kazi ya saa moja.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa ushahidi. Jukwaa alilotumia mwanzoni lilikuwa limeifunga akaunti yake na kumbukumbu zote zikaenda nayo. Ilibaki taarifa ya M-Pesa. Nikaichapisha katika duka la mtandao hapo chini, karatasi baada ya karatasi. Mwaka wa 2023 pekee, pesa zilizoingia katika simu ya mwanafunzi huyu zilikuwa Sh790,000! Zilitoka kwa watu wasiojuana naye, wanaume kwa wanawake, Sh8,000 huku, Sh23,500 kule. Mama watoto akatupia macho karatasi zile, akanitazama, akamtazama binti, kisha akaenda jikoni bila kusema neno. Nilijua anachofikiria. Nami nilikuwa nimekifikiria.

Ukweli, alivyotueleza akilia, ni kwamba wenzake watatu waliokuwa wakifanya kazi kama hiyo hawakuwa na akaunti katika jukwaa hilo. Walikuwa wakimtumia sarafu zao, anawauzia pamoja na zake, kisha anawapa shilingi zao. Hakuwa akichukua hata bob moja. Tulikaa tukaoanisha kila pesa iliyoingia na iliyotoka kwenda kwa wenzake, hadi tukabakiwa na zake halisi: Sh312,000.

Tazama hatari iliyokuwapo, msomaji. Afisa wa ushuru akiiona taarifa hiyo bila maelezo, ataona Sh790,000, na ni juu yako wewe kuthibitisha kwamba sehemu kubwa haikuwa yako. Wangapi kati ya vijana wetu wanaweza? Wanafuta jumbe za simu ili wapate nafasi ya picha.

Halafu nikaisoma tena ile sheria ya asilimia 3, pale penye maneno "anayewezesha". Jasho likanitoka. Binti aliyekuwa akiwauzia wenzake sarafu kwa kuwahurumia, je, si yeye aliyekuwa akiwezesha? Je, ina maana alitakiwa kuwakata asilimia 3 na kuipeleka KRA ndani ya siku tano, kama kampuni? Sidhani waliotunga sheria hiyo walikuwa wakimfikiria msichana wa chuo mwenye simu iliyopasuka kioo. Lakini maneno yalimgusa.

Sasa sikia jambo ambalo laiti tungalilijua mapema, usingizi usingalitupotea. Tulipoingiza Sh312,000 katika hesabu ya kawaida ya ushuru wa mapato, ilikuwa hivi: Sh288,000 za kwanza katika mwaka hutozwa asilimia 10, yaani Sh28,800. Sh24,000 zilizobaki hutozwa asilimia 25, yaani Sh6,000. Jumla Sh34,800. Lakini kila mkazi wa Kenya anayelipa ushuru wa mapato hupewa nafuu ya Sh28,800 kwa mwaka. Ondoa hizo. Deni lake la mwaka mzima wa 2023 lilikuwa Sh6,000.

Sh6,000! Kwa woga wa Sh6,000 alikuwa ameandika uongo. Na mwaka wa 2022, ambapo alikuwa amepata kama Sh60,000 hivi, hakuwa na deni hata la senti tano. Angaliandika ukweli na asilipe kitu. Wanafunzi mnaosoma gazeti hili, hapa ndipo ningependa mtulie kidogo: kujaza sufuri maana yake si "sina ushuru wa kulipa". Maana yake ni "sikupata kitu". Mtu anaweza kuwa na mapato na asiwe na ushuru wa kulipa, naye atalala usingizi wake wote. Yule wa sufuri ya uongo atashtuka kila simu ikilia kwa nambari asiyoijua. Na sufuri hiyo inaweza kurekebishwa. Sheria inakuruhusu kuijaza fomu upya.

Tulikuwa na bahati moja pia. Wakati huo serikali ilikuwa ikisamehe faini na riba za madeni ya hadi Desemba 2023, almuradi ushuru wenyewe ulipwe kufikia Juni 30, 2025. Msamaha huo ulikwisha siku hiyo. Sisi tuliupata ukiwa umebakisha siku moja.

Sasa tufike kwenye zile Sh80,000 nilizokuuliza mwanzoni. Fomu ya mwaka wa 2024 ilikuwa haijajazwa. Mwishoni mwa Januari mwaka huo, binti alilipwa dola 500 kwa kazi moja kubwa iliyokuwa imemkesha wiki tatu. Utakumbuka dola ilivyokuwa siku hizo: Sh160. Akaziacha zikae hivyo hivyo, akitarajia dola itazidi kupanda, alipie karo baadaye. Kumbe shilingi ilikuwa ikijikaza. Kufikia Aprili dola ilikuwa imeshuka hadi Sh130 hivi, naye akauza na kupata Sh65,000. Sh15,000 ziliyeyuka hivi hivi, na sarafu yenyewe haikuwa imepungua hata moja.

"Andika sitini na tano," alisema. "Ndizo nilizoshika."

"Mshahara huhesabiwa siku unapolipwa," nilimwambia. "Ungalilipwa mahindi gunia kumi, ukayaweka ghalani, panya wakala mawili, ungalisema umelipwa manane?"

"Baba, hizo pesa sikuziona. Unataka nilipe ushuru wa pesa ambazo hazikuwahi kuwapo?"

Hapo, msomaji, ndipo penye mwiba. Kwa mtu wa mshahara wa shilingi swali hili halipo kabisa. Kwa anayelipwa sarafu, kila malipo yana tarehe mbili na bei mbili, na kati ya hizo mbili pana faida au hasara inayopaswa kuhesabiwa peke yake. Mtu mwenye malipo mia moja kwa mwaka ana tarehe mia mbili za kutafuta. Na hiyo ni sarafu tulivu inayofuata dola. Anayelipwa Bitcoin, ambayo bei yake hubadilika kabla chai haijapoa, sijui atumie bei ya saa ngapi.

Tofauti kati yetu ilikuwa hii. Kwa hesabu yake, mapato ya mwaka wa 2024 yalikuwa Sh282,000, na ushuru sufuri. Kwa yangu, Sh297,000, na ushuru Sh2,250. Tuligombana kwa ajili ya Sh2,250 hadi mama watoto akatuzimia taa.

Aliwasha tena baadaye akaleta chai. Binti alikuwa ameshaandika Sh297,000. "Nimeandika yako," alisema, "ili ulale." Alilipa Sh6,000 na Sh2,250 kutoka kwa simu yake mwenyewe. Nilijitolea kulipa, maana ndimi niliyekula karo na unga, lakini alikataa. Cheti kikaja, na kazi akaianza.

Siku tatu kabla ya Jumapili hiyo, Juni 26, Rais alikuwa ametia sahihi Sheria ya Fedha ya 2025, iliyoufuta ule ushuru wa asilimia 3. Mswada ulikuwa umependekeza upunguzwe hadi asilimia 1.5, mwishowe ukaondolewa kabisa, na badala yake, kuanzia Julai 1, 2025, ukaja ushuru wa asilimia 10 kwa ada wanayotoza watoaji wa huduma hizi. Yaani jukwaa likikutoza ada ya Sh100, serikali inataka Sh10 hapo. Hiyo naiona ni hesabu ya mtu mzima. Oktoba mwaka huo huo ikaja sheria ya kuwasimamia watoaji huduma wenyewe, iliyoanza kutumika Novemba 4, 2025, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Siku hizi, basi, kuna mlango wa kubisha. Kama majukwaa ya ng'ambo yatakuja kuubisha, hilo ni jambo lingine. Na asikudanganye mtu kwamba kufutwa kwa asilimia 3 kumefuta ushuru wa mapato. Mapato ni yale yale.

Ila bado kuna lile la kati, kuanzia Septemba 2023 hadi Juni 2025. Nilimwendea jamaa mmoja tuliyesoma naye, aliyebobea katika mambo ya ushuru, nikamuuliza: jukwaa lilitakiwa kukata, halikukata, na sasa sheria imefutwa, kuna deni? Alikoroga chai yake kwa muda mrefu. Akasema sheria ilimtaja mwenye kupata mapato kuwa mlipaji, na jukwaa kuwa mkataji tu. Na kwamba sheria ikifutwa leo, haifuti ya jana. Kisha akaniuliza kama kuna mtu yeyote aliyetuuliza. Nikamjibu hakuna. Akanywa chai.

Nilirudi nyumbani nikafanya hesabu hiyo peke yangu. Miezi minne ya mwisho ya mwaka wa 2023, mauzo yake Sh104,000: asilimia 3 ni Sh3,120. Mwaka wa 2024, mauzo Sh282,000: Sh8,460. Jumla Sh11,580, zaidi ya ushuru wote wa mapato aliolipa. Sarafu za wale wenzake watatu sikuzigusa. Wala sikugusa miezi sita ya mwanzo wa 2025.

Daftari lile liko kabatini, juu ya sahani za wageni, na katika ukurasa wa mwisho ile Sh11,580 nimeizungushia wino mwekundu. Binti hajaiona. Mama watoto ameniuliza mara mbili kama anaweza kulichukua aandikie hesabu za chama chake, kwa kuwa kurasa nyingi bado ni tupu. Nimemwambia asubiri kidogo.